Abiria wa Koni ya Nne

Jumamosi, jua likiwa bado chini, Ruthu alishusha gunia la mwisho la uwele kutoka kwenye Datsun, akafagia pumba zilizobaki kwenye buti, akafunga kibanda chake cha nafaka pale Majengo. Kisha akainua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa pindo la khanga, akakichovya tena na kukitazama. Oili ilitosha. Mama muuza mihogo wa kibanda cha pili alimletea chai ya tangawizi, akasimama kumshikia boneti mpaka kikombe kikaisha, maana chuma cha kuizuia kilikuwa kimevunjika zamani.

"Nenda ukawachape," akasema yule mama. "Ukirudi utaninunulia soda."

Datsun ilikuwa nyekundu, ya viti viwili, pua ndefu, na umri wake ulimzidi Ruthu. Mhandisi mmoja wa kigeni aliiacha Mtera wakati bwawa lilipokamilika. Baba yake Ruthu, Sostenes, aliyekuwa fundi pale, aliikuta kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Akawaacha walalie mpaka wakaangua, ndipo akaanza kuitengeneza. Kazi hiyo ilimchukua maisha yake yote yaliyobaki. Alipofariki alimwachia Ruthu gari, kabureta mbili za akiba, na mama wa kumtunza.

Mashindano yalikuwa ya watu wasiolipwa. Walikuwapo mwenye gereji, mwenye duka la vioo, mwalimu, daktari wa mifugo. Walikodi uwanja huko Isangha, mashariki ya mji, wakapanga koni za plastiki za rangi ya machungwa, na kila mmoja akazizunguka peke yake kadiri alivyoweza kwenda mbio. Yusra, binti wa mwenye gereji, alikaa mezani na saa. Ukigusa koni, aliongeza sekunde. Ukiangusha mbili, alikutazama mpaka ukaona aibu.

Uwanja wenyewe ulikuwa umesawazishwa na kampuni iliyotaka kujenga kitu ambacho bado hakijajengwa. Kabla ya hapo hapakuwa uwanja. Palikuwa nyumbani kwa Mzee Ndahani, baba yake Sostenes, na watu wa kwake. Baada ya mzee kufa wakaambiwa wahame, wakahama. Ruthu alijua hilo, kama watu wengi wa Dodoma wanavyojua kilichokuwa chini ya kitu kingine. Alikuja Isangha kwa sababu hapakuwa na uwanja mwingine wa kushindania, na siku ya kwanza hakutaka kufikiri sana.

Alizunguka koni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipogeuza usukani kwenye koni ya nne, kiti cha abiria kilikuwa na mtu.

Alikuwa mzee mwembamba, amejifunga shuka nyeusi iliyochujuka, fimbo katikati ya magoti. Ndewe za masikio yake zilikuwa zimetanuliwa kwa mtindo wa wazee wa zamani, zinaning'inia karibu na mabega. Alinuka samadi kavu. Ruthu alimfahamu kwa picha iliyokuwa ukutani kwa mama yake.

"Mbukwenyi, babu," akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Punguza mwendo. Hapa ndama wanalala."

Ruthu akapunguza. Akamalizia koni zilizobaki kwa gia ya pili, akasimama mbele ya meza.

"Dada Ruthu," Yusra akasema, "umeondoka mmoja umerudi wawili."

"Ni babu yangu. Kapandia koni ya nne."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

Yusra aliandika muda. "Ila muda wenyewe mbaya. Umeendesha kama unampeleka mjamzito."

Denis alikuja akitabasamu. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, mwenye duka la vioo na Subaru ya bluu, na alikuwa mtu mwema. Alikumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Akazunguka Datsun, akainama dirishani, akamwamkia mzee, kisha akasimama kufikiri.

"Abiria anaruhusiwa," akasema. "Lakini lazima avae helmeti. Hii raundi, samahani, ina adhabu."

"Na kama abiria ni marehemu?" akauliza Shaibu, mwenye gereji.

"Marehemu hawakukatazwa."

Basi Shaibu akaenda kwenye gari lake, akaleta helmeti yake mwenyewe, ile mpya. Haikuingia kwa sababu ya ndewe. Shaibu akapiga goti kwenye vumbi, akazikunja moja moja juu ya masikio, polepole, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto mchanga, akazishikilia kwa kidole wakati Ruthu anashusha helmeti.

"Inabana, babu?"

"Kidogo. Ulikonitoa kunabana zaidi."

Siku ile yote mzee alipanda kila raundi. Katikati ya raundi alimweleza mjukuu wake mambo. Hapa palikuwa mlango wa nyumba. Pale walikamulia. Koni ya saba imesimama kwenye shimo la kuhifadhia mtama. Aliuliza ng'ombe wako wapi, Ruthu akamwambia waliuzwa. Kisha mzee akauliza gari la bluu ni la nani.

"La mwenyekiti."

"Wengine wananipita tu juu ya kifua. Huyo anafunga breki akifika hapo. Anaumiza."

Jioni Ruthu alipotoka getini, kiti kilikuwa kitupu. Helmeti ilikuwa imelala juu yake, na chini ya helmeti palikuwa na udongo mwekundu, kiasi cha kujaza viganja viwili.

*

Ruthu aliumimina udongo ule kwenye sinia, akaliweka mbele ya mama yake. Angelina alikuwa anachambua mlenda. Alipoona udongo alijitanda khanga mpaka usoni, akageuza kigoda, akalipa sinia mgongo. Ndivyo alivyokaa maisha yake yote mbele ya mkwe wake. Hakuwahi kula naye, wala kumtaja jina, wala kumtazama usoni.

"Umemtoa wapi?" akauliza.

"Koni ya nne. Kumbe yuko pale, mama. Mmemwacha pale."

Angelina akamweleza huku akichambua majani.

Mzee alizikwa zizini, kama walivyozikwa wenye nyumba wa ukoo ule kabla yake. Kwao hakuwekewa mtu msalaba wala saruji. Alilazwa katikati ya zizi, ng'ombe wakarudishwa jioni ileile, wakamkanyaga, na tangu siku hiyo kila jioni mali yake ilirudi kulala juu yake. Wapimaji wa kampuni walipokuja, Sostenes alikuwa Mtera kazini, na nyumbani alikuwepo Angelina peke yake. Wakamkuta mlangoni.

"Kijana mmoja akaniuliza, mama, kuna makaburi hapa tuyahamishe? Nikamwambia lipo. Akasema, nionyeshe."

"Ukamwonyesha?"

"Nikamwonyesha kwa kidevu."

Ruthu akamwangalia.

"Nikainua kidevu hivi, kuelekea zizini. Yeye anatazama mkono wangu. Nikainua tena. Akawaambia wenzake, huyu mama ana maringo, hataki kusema. Wakaondoka."

"Kwa nini hukunyoosha kidole, mama?"

"Mkwe wangu," Angelina akasema, "nimnyooshee kidole?"

Hasira ikampanda Ruthu, na kwanza ikamwendea mama yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Akasimama, akaenda uani, akachukua ungo na kupepeta uwele uliokwisha kupepetwa. Alipepeta mpaka chembe nzima zikaanza kuruka na pumba, kuku wakafurahi. Halafu akamfikiria mama yake peke yake mlangoni, mikono imekaa ubavuni kwa heshima, akiinua kidevu mbele ya watu wenye kofia za plastiki wasiojua kutazama. Hasira ikamtoka mama yake, ikahamia ilipostahili, na haikupungua hata kidogo njiani.

*

Jumatatu alikwenda dukani kwa Denis. Alisubiri mteja aondoke.

"Nataka mhamishe koni," akasema. "Nataka pale pazungushiwe uzio. Na mwenye uwanja aje aombe radhi."

Denis alimvutia kiti, akamwagizia maji ya kunywa, akamsikiliza bila kumkatiza.

"Dada Ruthu, mimi binafsi sina neno. Babu namheshimu, umeona mwenyewe. Lakini ramani ya kampuni haina kaburi. Nikiwaambia lipo, wataniuliza nani kasema."

"Yeye mwenyewe anasema. Umemwamkia."

"Nimemwamkia. Nami nitamwamkia tena." Denis alikuna shingo. "Ila iko njia. Bingwa wa msimu ndiye anayepanga koni za msimu unaofuata. Tangu tuanze ni hivyo, huwa sigusi. Shinda. Utazipanga unavyotaka, utaweka na uzio wako. Na mimi nitakuwa wa kwanza kupita ulikopanga."

Alisema kweli, na Ruthu aliona kuwa anasema kweli. Hilo lilimkasirisha zaidi.

Msimu ule alishindana kuliko alivyowahi kushindana. Shaibu alimsafishia kabureta, akakataa kupokea chochote isipokuwa debe la mtama wa kuku wake. Lakini mambo mawili yalimrudisha nyuma. La kwanza ni uzito. Mzee mwenyewe alikuwa mwepesi kama mwiko, lakini alipanda na udongo wote uliomfunika, na Datsun ililalia kushoto mpaka bomba la moshi likakwaruza chini. La pili ni koni ya nne yenyewe. Njia ya mkato ilipita juu ya mzee. Madereva wote waliipita hiyo. Ruthu peke yake alizunguka kwa mbali, kama mtu anavyozunguka mkeka walioukalia wazee, na kila alipozunguka, saa ya Yusra iliendelea kutembea.

Mpaka siku ya mwisho alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Denis.

Siku hiyo Angelina alikuja uwanjani. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaketi pembeni ya hema, mgongo ameupa koni ya nne, khanga imefika kwenye nyusi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ameangalia turubai. Yusra alisogeza kiti chake, akaketi naye upande huohuo ili asiwe peke yake, na saa akawa anaisomea begani.

Ilikuwa imebaki raundi moja ya kila mtu. Denis alikwisha kuzunguka, na muda wake ulikuwa mzuri. Ruthu akaenda kwa miguu hadi koni ya nne. Mzee alikuwa amesimama pale, helmeti chini ya kwapa.

"Leo sipandi," akasema. "Nitalala mahali pangu. Wewe pita juu."

"Siwezi, babu."

"Ukizunguka utashindwa. Hesabu hiyo hata mimi naiona."

"Wote wamekukanyaga. Na mimi nikukanyage?"

Mzee alichora mstari vumbini kwa fimbo yake. Aliyafikiria maneno yake kwanza, kama alivyofanya alipokuwa hai.

"Ng'ombe wangu wamenikanyaga miaka yote, sikulalamika. Walikuwa wa zizi hili. Na wewe ni wa zizi hili. Pita. Ila uniamkie ukipita, ili nijue ni wewe."

Alimrudishia helmeti, akajilaza. Vumbi likatulia juu yake, koni ikabaki imesimama kichwani kwake.

Ruthu alifunga mkanda. Shaibu alikuwa ameshika bendera.

"Umepauka," akasema.

"Shusha bendera."

Akashusha. Datsun ilikuwa nyepesi. Haikuwahi kuwa nyepesi hivyo tangu msimu uanze, ikaipita koni ya kwanza kama ndama aliyefunguliwa, ikalala vizuri kwenye ya pili, ikateleza kidogo kwenye ya tatu na kujirudi. Mbele yake njia ilikuwa imenyooka. Ruthu hakugusa breki. Alisema, "Mbukwenyi, babu," kwa sauti ya kawaida, akapita juu ya kifua cha babu yake kwa gia ya tatu. Alitegemea mtikisiko. Hapakuwa na mtikisiko. Ardhi ilinepa kidogo, kama godoro la sufi, ikamsukuma mbele.

Alimshinda Denis kwa muda usiofika sekunde moja. Yusra alisoma saa, akasoma tena, kisha akamnong'oneza Angelina. Angelina alimimina maziwa kwenye kikombe, akasimama, akatembea kinyumenyume hadi koni ya nne bila kugeuka, akakiweka chini nyuma yake, akarudi. Kikombe kilipochukuliwa baadaye kilikuwa kitupu na kikavu.

*

Denis alitimiza ahadi. Alimkabidhi Ruthu koni zote, zimepangwa kwenye pikapu yake mwenyewe, akamsaidia kuzishusha. Ruthu alizipanga kwa kulizunguka zizi kwa mbali. Shaibu alileta matawi ya mgunga yenye miiba, na kwa siku nzima wakalijenga lile zizi upya, duara, na lango lake likitazama machweo kama lilivyokuwa. Mikono ya Shaibu ilichubuka. Akaendelea kuifunga miiba. Jumamosi ile magari yote yakapita nje ya miiba, la bluu likiwa la kwanza, na mzee akakaa ndani amekunja miguu, akiyatazama kama mtu anayehesabu mifugo inayorudi.

Jumamosi iliyofuata walikuta miiba imesukumwa ukingoni. Kulikuwa na tingatinga, gari la kushindilia, na moshi wa lami. Mwenye uwanja alikuwa ameamua kuweka lami, kwa sababu klabu ilikuwa inakua na vumbi lilikuwa linafika barabarani.

Ruthu alisimama mbele ya tingatinga. Dereva wake, kijana mpole, alizima injini, akashuka, akamwamkia.

"Shikamoo, mama. Mimi nimetumwa tu."

"Nimeshinda," Ruthu akamwambia Denis. "Ulisema koni ni zangu."

"Koni ni zako," Denis akasema, na macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli. "Hakuna atakayezigusa. Lakini kilicho chini ya koni si changu wala si chako. Nimewapigia simu, Dada Ruthu, nimewasihi. Wanasema mkandarasi hawezi kuacha shimo katikati." Akafikiri. "Nimewaomba wachore duara jeupe. Wamekubali duara."

Ruthu alimtazama yeye, akaitazama miiba, akaitazama ile mashine inayofuka moshi. Alisema mambo ambayo mama yake hajapata kumsikia akisema, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, na watu wote wa uwanja walimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Shaibu alisimama naye mpaka jua likawa la utosi. Kisha tingatinga likawashwa, likapita pembeni yao, mafundi wakamwaga lami nyeusi nene kutoka geti hadi geti. Duara lilichorwa siku ya pili. Lilichorwa vizuri.

Mwisho wa mwaka klabu ilifanya sherehe hemani. Wakala pilau, wakatoa vikombe. Mzee Ndahani alipewa cha kwake, "Abiria Bora," na kiti cha plastiki chenye jina lake kikawekwa ndani ya lile duara. Denis alimwomba Ruthu aseme neno la shukrani. Ruthu akashika kipaza sauti.

"Hili ni zizi la babu yangu," akasema. "Mmemwekea lami kifuani. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba radhi."

Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mtu wa kampuni, aliyealikwa, alipiga makofi kuliko wote, akamwambia jirani yake kwamba mama huyu anaongea vizuri.

Ruthu anashindana bado. Jumamosi anashusha magunia Majengo, anapima oili, anaondoka. Kwenye buti hubeba stepni, helmeti mbili, na chupa ya mafuta ya taa. Mzee hupanda pale pale, ila sasa humchukua muda, kwa kuwa lami haipasuki kama udongo. Inavutika kama ugali wa moto mpaka inamwachia. Datsun hungoja ndani ya duara injini ikiunguruma, na Yusra huwa haianzishi saa mpaka mzee awe tayari.

Mzee akishaketi, Ruthu hushuka, huzunguka, humfungulia mlango, humvuta miguu yake nje. Nyayo huwa nyeusi tii. Humimina mafuta ya taa kwenye kitambaa, akapiga magoti kwenye lami yenye joto, akamsugua kidole kimoja kimoja, na kisigino, na katikati ya vidole mahali inapong'ang'ania.

"Inatoka?" mzee huuliza.

"Haitoki, babu," Ruthu hujibu, na huendelea kusugua.